Mboga Zetu Zimo Majini

Neno lenyewe lilikuwa “mboga”, na mimi ndiye niliyelifundisha. Nimejaribu mara nyingi kumtafuta mtu wa kugawana naye lawama, sijampata.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa katekista wa kigango chetu huku chini ya milima, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka misheni ya Matombo. Kwa kuwa nilikuwa nimefika darasa la nne, kijiji kilinipa pia darasa la elimu ya watu wazima. Asubuhi nilikuwa shambani, saa tisa alasiri ubaoni, Jumapili kanisani. Yalikuwa maisha mazuri. Nayaandika hivyo kwa sababu watu wakisimulia miaka ile hupenda kusimulia shida peke yake. Shida zilikuwepo, sukari tuliipangia foleni na mara nyingine foleni iliisha sukari haijafika. Lakini nilikuwa na mke ninayempenda, nilikuwa na chaki, na darasani walikuja akina mama ishirini bila kusukumwa na mtu. Daftari langu linasema ishirini na mmoja. Sijui yule mmoja nimempoteza wapi kichwani, nalifuata daftari.

Kijiji chetu kimekaa mahali ambapo Mto Ruvu, ukishateremka kutoka Uluguru, unachoka kukimbia. Masika unafurika mpaka kwenye mpunga, na ukirudi mahali pake unaacha mabwawa nyuma. Mengine ni madogo kama ua wa nyumba, moja ni kubwa kiasi cha kumzamisha mtu. Humo hubaki kambale na perege. Akina mama waliingia mabwawani wakiwa wamejipanga mstari mmoja, kila mmoja na tenga lake, wakitibua matope kwa miguu. Samaki wakipanda juu kutafuta pumzi wanazolewa. Kelele zake zilifika mpaka kanisani.

Wanaume walikuwa na nyavu na ndoano. Walivua mtoni kwenyewe na kwenye lile bwawa kubwa, wakakausha, wakapeleka Morogoro mjini. Hao ndio tuliowaita wavuvi. Mwanamke mwenye tenga hakuitwa hivyo. Ukikutana naye njiani ukamuuliza anakwenda wapi, atakujibu, “Nakwenda kutafuta mboga.” Kwetu mboga ni chochote kinachoteremsha ugali, kiwe kisamvu, kiwe nyama, kiwe kambale. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kulieleza neno hilo. Kwani hewa nayo unamweleza mtu?

Aliyeongoza mstari ule majini ni mkwe wangu, mama yake mke wangu. Mabwawa yalikuwa ya ukoo wake kabla hayajawa ya kijiji, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mimi nilikuwa mwanamume tu niliyeshuka mlimani kuja kuoa. Alikuwa mjane. Mguu wake mmoja ulikuwa umekataa kupanda kwenye mashamba ya mteremkoni, ila majini, alisema, hauumi. Alikuwa akilea wajukuu watatu, watoto wa mwanawe aliyefariki. Riziki ya nyumba ile ilitoka mabwawani, samaki wakizidi wakabadilishwa kwa unga.

Kwa heshima ya ukwe hatukutazamana usoni wala kusemezana moja kwa moja. Akitaka kuniambia jambo alimwambia binti yake, nami nikiwa nimesimama hapo hapo.

“Mwambie mumeo paa la kanisa linavuja upande wangu.”

“Amesikia, mama.”

“Mwambie amesikia tangu masika.”

Siku moja mwenyekiti wa kijiji aliniletea fomu darasani. Serikali ilitaka kujua nani anayatumia maji yale na kwa kazi gani, ili kila kundi lipewe ruhusa yake kwa maandishi. Asiyekuwa kwenye orodha asiingize mguu. Wavuvi walikwishajaza ya kwao, kiongozi wao alikuwa msomi kunizidi. Fomu ilikuwa na safu nne: jina, umri, kazi, sahihi.

“Wajazie, Mwalimu, niipeleke kesho,” mwenyekiti alisema.

Hapo ndipo kiburi kiliponiingia, ingawa wakati ule nilikiona kama upendo. Nilisema hapana, watajaza wenyewe. Wanawake ambao mwaka uliotangulia walikuwa wakichovya kidole gumba kwenye wino, leo waandike majina yao kwenye karatasi ya serikali! Majina waliyaweza. Umri tulikisia kwa pamoja, kwa kicheko kingi. Kwenye kazi wakaniuliza waandike nini. Tulikuwa tumemaliza somo la “mboga” juma lile. M, bo, ga. Nililichagua somo hilo kwa kuwa ni jepesi na linapikika. Neno “mvuvi” lilikuwa mbele sana kwenye kitabu, lile “mv” linasumbua hata ulimi wangu.

“Kwani mabwawani mnafuata nini?” niliuliza.

“Mboga,” wakajibu wote kama kwaya.

“Basi andikeni.”

Waliandika. Mkwe wangu alichukua muda wa kuivisha maharage, na “o” yake ilikuwa kubwa kama yai la bata. Mama mmoja aliyeuza maandazi karibu na ofisi ya kijiji, Mwislamu, mwenye mdomo usiojua likizo, aliinua fomu juu akaipuliza wino ukauke.

“Mwalimu, mboga hii niliyoiandika ni nzuri kuliko ninayopika.”

“Mumeo anajua hilo,” jirani yake akamjibu.

Chini kabisa palikuwa na mahali pangu: Nathibitisha kwamba maelezo ya hapo juu ni ya kweli. Niliitazama ile safu ikiteremka, mboga, mboga, mboga, mpaka mwisho wa ukurasa. Niliiona. Nilifurahi. Nikatia sahihi.

Jibu lilichukua muda wa mahindi kuota na kuvunwa. Lilitoka kwa Bwana Samaki mpya, ofisa wa uvuvi tuliyekuwa hatujamwona bado, na mwenyekiti alilisoma mkutanoni. Mabwawa yote yatakuwa chini ya kikundi cha wavuvi. Asiyekuwa mwanakikundi haruhusiwi kuvua ndani yake. Akina mama ishirini na mmoja wanaojishughulisha na mboga wanapongezwa kwa moyo wao wa kujitegemea, na watapewa eneo la bustani kando ya mto pamoja na mbegu. Mbegu zenyewe zilikuja na barua, mifuko miwili. Kabichi na karoti.

Mtu mmoja akasema polepole, kama anayelionja neno, “Kabichi?” Kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele. Hata mimi nilicheka, mpaka niliposikia sauti upande wa wanawake.

“Mwambie mumeo mimi sijaomba kabichi.”

Kesho yake kiongozi wa wavuvi alizungushia mabwawa kamba ya katani yenye majani yaliyofungwa, alama ya kukataza. Sitaki kumsingizia. Alikuwa jirani yangu, tulisaidiana kuezeka, na hakuwa mtu wa choyo. Alikuja uani kwangu kabla sijamfuata.

“Mwalimu, mimi nimepewa karatasi yenye mhuri. Nikiwaachia waingie, Bwana Samaki akija ataniuliza, kikundi gani hiki kisichojua mipaka? Na wewe unawajua wanavyotibua. Vile vitoto vya samaki vinakufa.”

Ni kweli vilikufa. Nilikuwa nimeviona vikielea baada ya mstari kupita, vidogo kama kucha. Kweli nyingine ni kwamba wavu wake ulikuwa na matundu madogo kiasi cha kuvinasa vitoto hivyo hivyo, na ile nilikuwa nimeiona pia. Kweli ya kwanza nilimwambia naikubali. Ya pili nilibaki nayo.

Kilichonichoma ni kwamba wale akina mama walitii. Nilitegemea watabeza kamba ya katani, walivyokuwa wakibeza kila kitu. Lakini walikuwa wametoka kujifunza kusoma juzi tu, na karatasi kwao ilikuwa kitu kikubwa. Walikuwa wametia sahihi. Matenga wakayatundika ukutani. Wajukuu wa mkwe wangu wakaanza kutokea kwetu saa za kula, wakisema wametumwa kuleta salamu. Mke wangu alipokea salamu hizo kwa sahani. Hakunilaumu hata siku moja, na mimi nilitamani anilaumu.

Jumapili moja somo liliangukia kwa Petro kando ya ziwa, ile habari ya kuhangaika usiku kucha bila kupata kitu na kuambiwa washushe nyavu tena. Sikulichagua mimi, lilikuwa kwenye kalenda. Padre alikuja kwetu mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine niliongoza mimi, na kwetu watu walizoea kuuliza maswali katikati ya mahubiri, jambo ambalo sikuweza kulizuia na baadaye nililipenda.

“Katekista,” mama mmoja akasema, “lile ziwa lilikuwa la nani?”

“La Mungu,” nikasema.

“Na karatasi alikuwa nayo nani?”

Kanisa lote likacheka. Nikatangaza wimbo. Mkwe wangu hakucheka, alikuwa anaangalia mikono yake. Niliona hivyo kwa pembeni, jinsi ukwe unavyoruhusu.

Wakati wa kutawanyika baadhi ya waamini walinivuta kando. Wakasema padre akiandika barua kwa ajili ya akina mama Wakristo, barua ya misheni itaheshimiwa. Walikuwa na nia njema, nami nilikwenda Matombo nikiwa na wazo hilo mfukoni. Padre nilimkuta akitengeneza baiskeli. Nilimweleza yote, nikamwomba kwanza aniungamishe.

“Ulikusudia?” akaniuliza.

“Hapana, Padre.”

“Basi hiyo si dhambi, ni kosa.”

“Linaniuma kama dhambi.”

“Nikikupa sala tatu utakwenda nyumbani ulale vizuri, na mkwe wako hana samaki.” Akazungusha gurudumu, akalisikiliza. “Hao wengine ni akina nani? Umesema Wakristo.”

“Zaidi ya nusu ni Waislamu, Padre.”

“Wanaingia majini kwa mistari miwili?”

“Mmoja.”

“Basi ni barua moja. Na ataiandika mwenye kosa.”

Barua kwa Bwana Samaki niliiandika mara tatu. Daftari langu lina zile nakala mbili za mwanzo, na nikizisoma naona haya. Kila mara nilipokaribia kusema nani alifanya nini, sentensi ilikunja kona. “Ilitokea.” “Fomu ilijazwa kwa namna ambayo.” Ile niliyoituma ilisema kwamba neno “mboga” limeeleweka visivyo na tunaomba lifikiriwe upya. Haikusema limeeleweka visivyo na nani, wala lilifundishwa na nani. Nilijua kwamba mtu akiniandikia barua kama ile nisingeelewa kitu. Nikaipeleka hivyo hivyo.

Hakujibu. Alikuja mwenyewe, ila kukagua bustani.

Bwana Samaki alikuwa kijana mwembamba wa pwani, na Kiswahili chake kilitiririka hata sisi wengine tukawa tunaogopa kufungua vinywa. Alitoa shikamoo kwa kila mzee aliyekuwepo, mmoja mmoja, jambo lililotupunguzia hasira kidogo. Tulikutana kwenye jengo la shule. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, mwenyekiti mezani.

“Haya mama zangu,” akasema kwa uchangamfu, “mboga zinaendeleaje?”

“Hatujui,” akajibu mama wa maandazi. “Tangu ulipozifunga hatujaziona.”

“Nizifunge mimi? Mimi nimewaletea mbegu!”

“Mbegu tumezipokea, mtani, ahsante. Lakini mboga zetu zina masharubu.”

Chumba kikapasuka. Watu wa pwani ni watani zetu, na mtani hakasiriki, akikasirika amekosa yeye. Bwana Samaki alingoja kicheko kipungue.

“Mboga zenye masharubu.”

“Na zinaogelea.”

“Mboga zetu zimo majini, baba,” akaongeza mama mwingine kwa upole, kama anamwonea huruma. “Kambale.”

Niliona uso wake ukibadilika. Alifungua faili, akatafuta, akatoa ile fomu. Niliitambua kwa ule wino wa bluu tuliochangia kuununua.

“Lahaula. Mnasema kitoweo!”

“Kitoweo ni huko kwenu. Hapa ni mboga.”

“Na nyama?”

“Mboga.”

“Na mchicha?”

“Mboga vilevile,” mama wa maandazi akasema, “ila ya siku mbaya.”

Alicheka mpaka akafuta macho, na nikadhani yamekwisha. Nilihisi mzigo unashuka bila mimi kuinama. Lakini alipomaliza kucheka alikaa, akaikunjua fomu mezani.

“Sasa nisikilizeni. Ruhusa imetolewa kwa karatasi hii, na hapa chini kuna mtu amethibitisha. Nikibadilisha bila sababu iliyoandikwa, wakubwa wangu wataniuliza nimeombwa na nani, nimepewa nini. Nani aliwajazia?”

Wanawake wote walinyamaza, hata yule ambaye sikuwahi kumwona amenyamaza. Kiongozi wa wavuvi, ambaye angeweza kunyoosha kidole, aliangalia dirishani. Mwenyekiti alikuna shingo.

“Tulijaza wenyewe,” mama wa maandazi akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Ni ujinga wetu tu, baba. Sisi ni watu wa juzi kwenye kalamu.”

Mwaka mzima niliwafundisha wasijiite wajinga. Nilianza kuinuka. Na kutoka upande wa wanawake, wazi, mbele ya mkutano wote, nikasikia:

“Mwambie mumeo akae. Watamnyang’anya darasa.”

Mke wangu hakuniambia. Aliniangalia tu. Sijui hata leo kama angependa nikae au nisimame, na nilipomuuliza miaka mingi baadaye alisema naye hajui.

“Si wajinga,” nikasema. “Waliandika sawasawa, hakuna herufi iliyokosea. Mimi ndiye niliyewapa neno hilo kwa sababu lilikuwa jepesi kufundisha. Nililiona limejaa ukurasa mzima, nikafurahi, nikatia sahihi. Nilijua fomu inakwenda kwa mtu asiyetujua. Na barua yangu ya mwezi uliopita ilikuwa ya kujificha.”

“Ile ni yako?” Bwana Samaki akauliza. “Nimeisoma mara nne.”

“Naomba radhi.”

“Utaandika hayo uliyosema sasa, na jina lako?”

“Nitaandika.”

Niliandika pale pale, kwenye dawati la watoto. Ilitoka sentensi nne, haikukunja kona. Darasa sikunyang’anywa. Alikuja mkaguzi baadaye, akawasomesha akina mama mmoja mmoja, akaondoka na maandazi.

Kiongozi wa wavuvi aliomba kusema, na aliyosema yalikuwa ya haki. Wakirudi na matenga vitoto vya samaki vitaisha, na mwaka kesho watakosa wote. Hapo nikaona kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimesimama bure.

“Jirani,” nikasema, “na matundu ya wavu?”

“Na matundu ya wavu,” akakubali.

Ndipo Bwana Samaki alipotusimulia ya kwao, na sijasahau kwa sababu alikuwa ameacha kusema kama mtu wa ofisi. Alisema kwao pwani maji yakipwa akina mama hutoka kutanda uduvi, wale kamba wadogo wa baharini, wawili wawili na kipande cha chandarua katikati, wakitembea. Mama yake ni mmoja wao. Naye hajiiti mvuvi, mvuvi kwake ni mwenye chombo na wavu. Lakini maji ya kutembea ni ya wanaotembea, na mwenye boti hashushi wavu pale, hata akiwa mtu mkubwa. Hakuna karatasi, ila hakuna asiyejua.

“Na mimi nimekuja kwenu nikaandika barua ambayo ikipelekwa kwetu, mama yangu anatolewa ufukweni,” akasema. “Itabidi nimwambie. Atanichapa.”

Ikakubaliwa hivyo: maji ya kutembea ni ya matenga, maji ya kuogelea ni ya nyavu. Mpaka ni kina cha kifuani. Papo hapo ukazuka ugomvi.

“Kifua cha nani?” wakauliza akina mama. Kiongozi wa wavuvi alikuwa mrefu kama mlingoti, na wengine wakadai apimwe yeye, maana kifua chake kingewapa bwawa zima. Yeye akataka apimwe mwanamke mfupi kuliko wote. Tulikwenda wote mabwawani, tukakubaliana mkwe wangu, kwa kuwa ndiye kiongozi wa mstari na hakuwa mrefu wala mfupi. Aliingia na nguo zake, mimi nikageuza mgongo kwa adabu, daftari mkononi, nikiandika alichokuwa akinipigia kelele mwenyekiti. Fito zikachomekwa. Wanawake wakakubali wasiingie mpaka vitoto viwe na ukubwa wa kiganja, na wavuvi wakakubali kuzitundika zile nyavu za matundu madogo. Alifungua kamba kiongozi wao mwenyewe, akaizungusha mkononi akaenda nayo, katani ilikuwa adimu.

Ikabaki fomu mpya. Niliandika “mvuvi” ubaoni, herufi kubwa, nikalikata vipande. Wakaiga. Wote isipokuwa mmoja.

“Mwambie mumeo mimi si mvuvi. Mvuvi ni Petro.”

“Andika tu, mama,” mke wangu akamsihi.

“Nitie sahihi uongo? Si ndiyo yaliyotufikisha hapa?”

Kwa hilo wenzake nao wakaweka kalamu chini. Nami niliweka chaki, maana alikuwa amesema kweli. Bwana Samaki alitazama jua, akatazama njia ndefu aliyokuwa nayo mbele.

“Samaki,” akasema. “Kazi: samaki. Hata mimi nalipwa kwa hiyo hiyo.”

Sa, ma, ki. Halikuwa somo letu bado, lakini lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Mmoja aliandika “samkai”. Bwana Samaki alitaka asahihishe.

“Mwache,” mama wa maandazi akamwambia, “huyo wake anaogelea kinyume.”

Akagonga mhuri. Mahali pa kuthibitisha niliisoma safu yote, neno kwa neno, kuanzia juu, nikawauliza kila mmoja kama ndivyo anavyotaka kujulikana na mtu wa mbali asiyemjua. Walichoka na mimi. Mkwe wangu alisema aambiwe mume wa binti yake kwamba ugali unaungua. Nilimaliza hivyo hivyo, ndipo nikatia sahihi.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Perege wa bwawa la juu walikwishapita ukubwa wa kiganja siku nyingi. Saa tisa nilifuta ubao, nikaandika somo jipya, nikapanga madawati. Hakuja mtu. Nilingoja, nikatoka nje, na kutoka mabwawani nikazisikia zile kelele, wanatukanana na kuchekana, mmoja kaanguka, mwingine kashika kambale kaponyoka. Nilikaa kizingitini muda mrefu nikisikiliza. Sikumbuki kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi nilikuwa na wasiwasi.

Rejista ilitaka ijazwe. Palikuwa na safu ya waliokosa, na mbele yake safu ndogo ya sababu, ambayo kwa kawaida niliandika “mgonjwa” au “msiba”. Niliandika majina yote ishirini na mmoja. Mbele ya kila jina nikaandika “kazini”. Sijui kama kanuni za rejista ziliruhusu.